Ufundi wa Sauti katika Mtaa wa Svetogorska

Kwenye kona ambapo mtaa wa Hilandarska unakutana na ule wa Svetogorska, katikati ya Belgrade, pana jengo la miaka ya 1930 lenye sanamu la mhunzi. Mgeni akiambiwa kuwa hiyo ndiyo Redio Belgrade ataanza kujiuliza nyundo na maikrofoni vimekutana wapi. Jibu ni jepesi. Msanifu Bogdan Nestorović alilichora jengo hilo kwa ajili ya mafundi wa mji, likaitwa Nyumba ya Mafundi, na redio ikahamia humo baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mhunzi akabaki alipokuwa. Wapo watakaosema ni pambo la zamani lililosahauliwa ukutani. Mimi naona watangazaji walipata nyumba inayowastahili kuliko wengi walivyodhani.

Nasema hivyo kwa sababu kazi ya sauti katika mji huu imefanywa kama kazi ya mikono, kwa penseli, wembe, rula na vifuko vya wanga. Ukiufuata mtaa wa Svetogorska kutoka hapo redioni, mwendo mfupi tu, unafika namba 21, kwenye ukumbi wa maigizo uitwao Atelje 212. Wanaosimulia habari za sanaa ya Belgrade mara nyingi huzitenga nyumba hizi mbili, redio ikae na redio, jukwaa likae na jukwaa. Mgawanyo huo unaficha jambo kubwa. Kilichokuwa kipya kwenye jukwaa la Atelje kilifunzwa kwanza mbele ya maikrofoni, na aliyekibeba kutoka nyumba moja hadi nyingine ni mwanamke aitwaye Mira Trailović. Nitamfikia. Kwanza tukae redioni.

Majaribio ya kurusha sauti yalianza mwaka 1924 kutoka Rakovica, pembeni mwa mji, na Redio Belgrade yenyewe ikafungua matangazo yake rasmi tarehe 24 Machi 1929. Miezi miwili baadaye, Mei mwaka huohuo, Ukumbi wa Taifa wa Maigizo ulionyesha kwa mara ya kwanza Gospođa ministarka, komedia ya Branislav Nušić kuhusu mke wa mtumishi wa serikali ambaye mumewe anapewa uwaziri, naye akalewa cheo kisicho chake. Mhusika mkuu aliigizwa na Žanka Stokić, na watu wakacheka hadi machozi. Shika jina hilo, maana redio ilikuja kumponza.

Kazi ya mtangazaji wa Belgrade inaanzia mahali ambapo sisi tunaosema Kiswahili hatusumbuki sana. Mkazo wetu unajulikana ulipo, silabi ya pili kutoka mwisho, na anayesoma habari vibaya tutamlaumu kwa mengine. Kiserbia sanifu kina mikazo ya namna nne. Sauti inaweza kupanda au kushuka, na irabu inaweza kuwa fupi au ndefu, na haya yote hayaandikwi popote kwenye karatasi ya habari. Neno grad likitamkwa kwa irabu ndefu inayoshuka ni mji. Irabu hiyohiyo ikifupishwa, neno linakuwa mvua ya mawe. Sasa mfikirie msomaji wa hali ya hewa wakati wa kiangazi, na mkulima wa rasiberi huko magharibi mwa Serbia ametega sikio. Nchi ile imejenga hata vituo vya kurusha roketi mawinguni ili kuokoa mazao na mvua ya mawe, kwa hiyo neno hilo si la mchezo. Bila shaka mkulima angeelewa kutokana na sentensi nzima. Hata hivyo mtangazaji mzuri hamtwishi msikilizaji kazi ambayo ni yake.

Ndiyo maana redioni na kwenye kumbi za maigizo kuna mlezi wa lugha, ambaye kazi yake ni kukaa, kusikiliza, na kumrudisha mtu kwenye neno moja mpaka likae sawa. Katika karatasi za programu za maonyesho ya Serbia utakuta mstari wa matamshi ya jukwaani, na mbele yake jina la mtu, sawasawa na mshona mavazi au mchora mandhari. Waigizaji wanaotoka kusini, pande za Niš, Leskovac na Vranje, wanaipata joto ya jiwe, kwa sababu lahaja za huko zina mkazo wa namna moja tu na hazitofautishi irabu ndefu na fupi. Kijana wa kusini anatakiwa kujifunza kusikia kitu ambacho mama yake hakuwahi kukitamka. Kisha, siku akipewa nafasi katika Koštana ya Borisav Stanković, ambayo imewekwa Vranje, inabidi airudie sauti ya nyumbani iliyochukua miaka kufichwa. Siwezi kusema mfumo huu ni wa haki. Umewafanya watu wa kusini wasikike mara nyingi kama wachekeshaji. Lakini sikio lililofunzwa hivyo halipitwi na kitu, na sikio ndilo mtaji wa kila kitu kitakachofuata.

Tuingie studio. Adui mkubwa wa mchezo wa redio ni karatasi. Waigizaji wa redio hawakariri, wanasoma, na karatasi ina sauti yake. Ukurasa ukigeuzwa ovyo katikati ya kilio cha mjane, mjane amekufa na kilichobaki ni ofisi. Basi kurasa hufunguliwa pini, hushikwa mbali na maikrofoni, na ukurasa uliokwisha husogezwa pembeni wakati mwenzako anasema. Mwigizaji mzoefu anajua maneno mawili ya mwanzo ya ukurasa unaofuata kabla hajaufikia, ili jicho lisije likachelewesha ulimi. Ni mambo madogo. Hakuna msikilizaji atakayeyasifu, na hilo ndilo lengo lake.

Baada ya karatasi kuna umbali. Ukisema ukiwa shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, kwa sauti ya chini, msikilizaji anasikia mawazo ya mtu kichwani mwake. Ukirudi nyuma hatua moja, mnazungumza mezani. Ukigeukia ukuta, uko chumba cha pili unatafuta viatu. Nyumba nzima yenye sebule, ngazi na jikoni hujengwa kwa mwigizaji kupiga hatua na kugeuza shingo. Mwongozaji wa redio hawapangi waigizaji ili waonekane vizuri, kwa kuwa hakuna wa kuwaona. Anafumba macho na kuuliza: huyu yuko wapi? Kama jibu halimjii kwenye sikio, wanarudia.

Jambo linalonifurahisha zaidi ni hili la nje na ndani. Kanisa au ngazi za mawe huhitaji chumba chenye kuta ngumu, sauti igonge na irudi. Uwanda mpana hauna mwangwi. Kwa hiyo shamba la ngano lisilo na mwisho, lenye watu wawili wanaoagana, hurekodiwa katika kijichumba kilichobana kuliko vyote, kimezibwa mapazia na vifyonza sauti mpaka mtu anasikia mapigo ya moyo wake. Waigizaji wanatoka jasho bega kwa bega, na msikilizaji anaona upeo wa macho. Theluji, ambayo Belgrade huwa nayo majira ya baridi, haiingizwi studio. Fundi huchukua kifuko cha ngozi kilichojaa wanga wa mahindi akakibonyeza kwa vidole, na kila mbonyezo ni hatua ya buti juu ya theluji. Moto ni karatasi ya nailoni ikifinyangwa taratibu. Inatakiwa mkono wenye subira, kwa sababu ukiifinyanga kwa haraka moto unageuka kuwa mfuko wa peremende.

Zamani za utepe wa sumaku, kazi ya mwisho ilikuwa ya wembe. Mashine za studio zilizungusha utepe kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde, kwa hiyo muda uligeuka kuwa kitu cha kushika mkononi. Pumzi ya nusu sekunde ina urefu wa sentimita 19. Mwongozaji akisema mwigizaji aliharakisha kujibu, fundi hakuhitaji kumwita tena. Alifanya kama fundi cherehani anayepunguza kiuno cha gauni, akatafuta mahali pa kukata, akaongeza kipande na kuunga. Mkato ulipigwa mshazari, maana utepe uliokatwa wima hutoa mlio mdogo kwenye kiungo. Vipande vilivyotolewa havikutupwa mpaka kazi iishe. Vilitundikwa kwa mpangilio, kila kimoja na alama yake ya penseli, kwa kuwa saa tano usiku mwongozaji angeweza kubadili mawazo na kudai kikohozi kilichoondolewa saa tatu.

Na kipande cha kuongeza kilikuwa nini? Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Ukiunga utepe mtupu usio na kitu, msikilizaji hasikii ukimya. Anasikia shimo, anadhani redio imezimika. Ukimya wa chumba una sauti yake, kuna hewa, kuna umeme, kuna watu wanne wanaojizuia kupumua. Kwa hiyo kabla waigizaji hawajatawanyika, fundi aliwaomba wote wasimame kimya walipo, akarekodi hicho kimya chao, akakihifadhi kwenye kigurudumu cha utepe kama akiba. Kila kimya kilichotengenezwa baadaye kilikatwa kutoka kwenye akiba ile. Kompyuta imefuta wembe, lakini akiba ya kimya bado inarekodiwa vilevile.

Redio Belgrade iliupeleka ufundi huu mbali kuliko mchezo wa redio. Programu yake ya Tatu, iliyoanza mwaka 1965 kwa ajili ya falsafa, fasihi na muziki mgumu, ilifungua mwaka 1972 studio ya muziki wa kielektroniki, ikiongozwa na Vladan Radovanović, mtunzi ambaye pia alikuwa mchoraji na mshairi. Mtambo mkuu wa studio hiyo ulikuwa Synthi 100, uliotengenezwa na kampuni ya EMS ya London. Haukuunganishwa kwa waya za kuning'inia. Ulikuwa na mbao mbili za matundu, kila moja matundu 60 kwa 60, na mtunzi alichomeka vipini vidogo kuonyesha sauti ipi ipite wapi. Matundu 3,600 kwenye ubao mmoja, na kipini kimoja kikikosea mstari, kazi ya asubuhi nzima inakoroma. Mtambo ule uliharibika, ukakaa kimya miaka mingi, kisha ukatengenezwa na sasa unapigwa tena. Kituo cha umma kilicho na nchi ya kuhudumia na bajeti ya kubana kilinunua kitu cha namna hiyo kwa ajili ya wasikilizaji wachache. Wakurugenzi wengi wa redio ninaowajua wangecheka.

Sasa Mira Trailović. Alizaliwa mwaka 1924, na kazi aliianzia Redio Belgrade, kwanza kama mtangazaji, kisha mwongozaji wa michezo ya redio. Miaka hiyo ya baada ya vita majukwaa makubwa ya mji yalipenda ukubwa, mapazia mazito, mandhari yenye nguzo, na umati jukwaani. Yeye aliishi katika studio ambamo mandhari yote ni pumzi ya mtu na umbali wake kutoka kwenye maikrofoni. Tarehe 12 Novemba 1956, katika ukumbi mdogo wa jengo la gazeti la Borba, kundi jipya la wasanii lilifungua jukwaa lake. Ukumbi ulichukua viti 212, na idadi hiyo ikawa jina. Onyesho la kwanza lilikuwa Faust ya Goethe, na Trailović aliliongoza kama usomaji. Waigizaji walisoma mbele ya watu.

Tafakari ujasiri huo. Unafungua ukumbi mpya, una kazi kubwa kuliko zote za lugha ya Kijerumani, yenye mashetani, wachawi na mbingu kufunguka, na unaamua kutoonyesha chochote. Mtu aliyelelewa na jukwaa pekee asingethubutu. Aliyelelewa na redio anajua kwamba msikilizaji akipewa sauti iliyo sahihi atajenga mbingu mwenyewe, tena atajenga bora kuliko seremala. Sioni namna nyingine ya kulieleza onyesho lile isipokuwa kusema kwamba studio ya redio ilihamishiwa mbele ya watu, taa zikawashwa.

Mwezi uliofuata, tarehe 17 Desemba 1956, Atelje 212 ikaonyesha tamthilia ya Samuel Beckett kuhusu watu wawili wanaomsubiri Godot asiyekuja. Vasilije Popović ndiye aliyeongoza, na kati ya waigizaji walikuwamo Ljuba Tadić na Rade Marković. Kazi hiyo ilikuwa na historia ya miaka miwili. Mwaka 1954 ukumbi mwingine wa mji ulikuwa umeifanyia mazoezi, kisha ikazuiwa kabla ya kuonyeshwa. Wasanii hawakukubali ife. Waliiigiza mbele ya watu wachache katika chumba cha kazi cha mchoraji Mića Popović, huko Staro Sajmište, viwanja vya zamani vya maonyesho ya biashara ambavyo Wajerumani walivigeuza kambi ya mateso wakati wa vita, na ambamo baada ya vita wachoraji walipewa vyumba. Watu wawili wanasubiri, hakuna kinachotokea, na nje ya dirisha ni uwanja ambapo maelfu walishikiliwa na kuuawa. Sidhani Paris iliwahi kuipa tamthilia ile jukwaa lenye uzito kama huo.

Tamthilia hiyo nayo ni ya sikio. Matukio ni machache, na kazi yote imo katika lini mtu anyamaze na kwa muda gani. Kwa waigizaji waliozoea kuonyesha ishara kubwa kwa mtu wa safu ya mwisho, maandishi ya Beckett ni jangwa. Kwa aliyewahi kupimiwa kimya chake kwa rula, ni nyumbani.

Mwaka 1964 Atelje ilihamia jengo lake la sasa, lililobuniwa na Bojan Stupica, mwongozaji ambaye pia alikuwa msanifu majengo. Trailović akaiongoza kwa miaka mingi, na mwaka 1967 yeye na Jovan Ćirilov wakaanzisha tamasha la BITEF, lililoleta Belgrade kina mwongozaji Grotowski kutoka Poland na waigizaji wa Kathakali kutoka Kerala, India. Watu wa mji walijazana kusikiliza lugha wasizozijua. Mengi yameandikwa kuhusu siasa za jambo hilo, jinsi Yugoslavia ya Tito ilivyokaa katikati ya Mashariki na Magharibi. Ni kweli, na siongezi.

Lakini sauti inayovuka kuta ina hatari yake, na Belgrade inaijua. Aprili 1941 Ujerumani iliushambulia mji kwa mabomu na kuukalia, redio ikageuzwa kituo cha jeshi la Kijerumani. Kutoka hapo, kila usiku kabla ya saa nne, ulirushwa wimbo wa Lili Marleen ulioimbwa na Lale Andersen, ukasikika hadi kwenye mahandaki ya Afrika Kaskazini, kwa askari wa pande zote mbili. Redio hiyohiyo iliyokaliwa ilikuwa na kipindi cha vichekesho cha mchana kwa Kiserbia, na Žanka Stokić alishiriki. Alikuwa mgonjwa wa kisukari, insulini ilikuwa shida kupatikana, na alihitaji pesa. Mji ulipokombolewa alishitakiwa, na mwaka 1945 akahukumiwa kupoteza heshima ya kitaifa kwa miaka 8, maana yake jukwaa lilifungwa kwake. Stupica alimtaka katika ukumbi mpya wa Yugoslav Drama Theatre. Alifariki mwaka 1947 kabla hajarudi kuigiza. Mahakama ilimsafisha mwaka 2009.

Nimemweka hapa kwa sababu kisa chake kinaeleza tofauti ya nyumba hizi mbili kuliko nadharia yoyote. Waigizaji wengi walipanda majukwaani wakati wa ukaliaji, na watazamaji wao walikuwa wale waliokata tiketi. Aliyesema redioni aliingia kila nyumba, hata isiyomtaka, kwa mwaliko wa mwenye mtambo. Kipaji kilikuwa kilekile kilichowachekesha mwaka 1929. Mwenye mtambo ndiye aliyebadilika.

Fundi mwingine wa mji huu alikuwa na maneno machache na subira kubwa. Duško Radović, mzaliwa wa Niš, aliandika mwaka 1953 mchezo wa redio wa watoto kuhusu kapteni wa maharamia, Kapetan Džon Piplfoks, ambao watoto wa Yugoslavia walikua nao. Lakini Belgrade inamkumbuka zaidi kwa asubuhi. Kuanzia mwaka 1975 hadi 1983, katika kituo cha Studio B kilichokuwa juu katika mnara wa Beograđanka, aliusalimia mji kwa sentensi chache. Nyingi hazikuzidi mstari mmoja, kuhusu foleni, wivu, mabosi, mapenzi ya watu wazima, watoto wanaokwenda shule na mikoba mizito. Alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka hata chembe.

Anayedhani sentensi fupi ni rahisi ajaribu kuandika moja kila asubuhi kwa mji mzima. Sentensi fupi haina mahali pa kujificha. Ikikosa, imekosa yote, na inayofuata inaanza na deni. Radović aliacha nafasi baada ya kila moja, na katika nafasi ile mtu wa basi la kwanza alitazama dirishani akatabasamu au akakasirika. Mwaka 1983 wakubwa walikasirika vya kutosha, na kipindi kikakoma. Maneno yake yamechapishwa vitabuni, nayo yanasomeka vizuri, ingawa kitabuni zile nafasi zimekuwa kurasa nyeupe tu. Ukumbi wa maigizo ya watoto ulio pembeni mwa bustani ya Tašmajdan una jina lake. Mtu wa redio amepewa jukwaa.

Jirani na ukumbi huo ni jengo la redio na televisheni ya taifa, mtaa wa Aberdareva. Usiku wa tarehe 23 Aprili 1999, saa nane na dakika chache, kombora la NATO lililipiga. NATO ilisema kituo kile kilikuwa chombo cha propaganda ya vita. Waliokufa ni wafanyakazi 16 wa zamu ya usiku, mafundi, walinzi, mpambaji wa sura za watangazaji. Mwaka 2002 mahakama ya Belgrade ilimhukumu mkurugenzi wa kituo kifungo cha miaka 10 kwa kutowaondoa watu ndani ya jengo. Hakuna hata mmoja kati ya wale 16 ambaye maneno yake yalikuwa yakirushwa hewani, na jiwe la kumbukumbu kwenye bustani limeandikwa neno moja la kuuliza kwa nini.

Turudi jukwaani, kwa watu wa aina hiyohiyo. Kumbi za Serbia zina kikundi cha kudumu na maonyesho yanayopokezana. Leo komedia, kesho msiba, keshokutwa tamthilia ya Kirusi ya saa nne. Kila usiku mandhari hubomolewa na asubuhi mengine hujengwa, na onyesho moja linaweza kuishi miaka, likichezwa mara chache kwa mwezi. Mwigizaji anabeba kichwani tamthilia tano au sita kwa pamoja. Kwa hiyo yupo mtu ambaye sehemu nyingi za dunia zimemwachisha kazi: mnong'onezaji. Anakaa gizani na maandishi, akifuata kila neno, tayari kumrushia mwigizaji neno lililompotea bila watazamaji kulisikia.

Watu hudhani kazi yake ni kusoma. Ugumu uko kwenye kimya. Mwigizaji amenyamaza: amesahau, au anaigiza? Akimnong'oneza aliyenyamaza kwa makusudi, amevunja kitu kilichotengenezwa kwa wiki nane za mazoezi. Akichelewa kumnong'oneza aliyesahau, ukumbi mzima unaona mtu akizama. Inabidi ajue pumzi ya kila mmoja, jinsi huyu anavyonyamaza akiwa na hakika na jinsi bega lake linavyopanda kidogo akiwa amepotea. Hayo hayaandikwi popote, wala hakuna chuo cha kumfunza, isipokuwa kukaa pale usiku baada ya usiku. Hii ndiyo kazi ileile ya fundi wa utepe aliyejua kwamba kimya cha chumba na shimo kwenye utepe ni vitu viwili. Kwangu mimi, kati ya wote niliowataja, wakiwemo wenye majina ya mitaa, huyu ndiye fundi mkubwa.

Msomaji ukifika Belgrade, hata kama hujui neno la Kiserbia, kata tiketi ya Atelje 212 au ya Ukumbi wa Taifa pale kwenye sanamu la Mwanamfalme Mihailo juu ya farasi, ambapo nusu ya mji hupeana miadi. Nunua na karatasi ya programu. Juu kabisa utakuta mwandishi na mwongozaji, kisha waigizaji kwa herufi kubwa. Mnong'onezaji, mlezi wa matamshi, mtu wa taa na mtu wa sauti wamo humohumo, chini, kwa herufi ndogo. Anza kuisoma kutoka chini.